Supu ya Wavuvi

Ndugu msomaji, ukifika Marseille na njaa yako, usikae kwenye meza ya kwanza utakayoiona bandarini. Mimi nilikaa. Nilikaa dakika tatu tu, nikasoma bei, nikanyanyuka kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka nyumbani. Supu ya samaki, euro 65 kwa mtu mmoja! Mimi, mtoto wa mvuvi wa Deep Sea, Tanga, niliyekuzwa kwa vichwa vya changu, nikakimbizwa na supu.

Nilikuwa nimekwenda kumwona kaka yangu. Miaka tisa hatujaonana. Siku ya safari mama alinifungia bizari na pilipili, akanipa na agizo: "Ukale kwenye hoteli ya kaka yako, urudi unihadithie." Maana kaka alikuwa ametuandikia zamani kwamba yeye ni mpishi wa hoteli ya samaki, tena mpishi mkuu. Mama hakuibakiza habari hiyo ndani. Mtaa mzima uliijua.

Kesho yake asubuhi kaka alinipeleka Bandari Kongwe, Vieux-Port kama wanavyoiita wenyewe. Mji huu ulianzishwa na Wagiriki yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, na ulianzia kwenye ghuba hiyohiyo. Pale gatini, karibu na lile paa la chuma king'aacho kama kioo lililojengwa mwaka 2013, ambalo ukiinua macho unajiona unatembea kichwa chini miguu juu, wavuvi hupanga meza zao kila asubuhi. Si soko kubwa. Ni meza chache tu, na nyuma yake mashua zilizotoka baharini. Wengi wanaouza ni akina mama, na sauti zao, jamani, nilidhani niko kwetu kwenye mnada.

"Haya, mtoto wa mvuvi," kaka akanitania, "chagua."

Nikafanya kama baba alivyotufundisha. Jicho liwe angavu, limejaa, lisiwe limezama. Mashavu ukiyafunua yawe mekundu. Ukibonyeza nyama kwa kidole, shimo lisibaki. Kumbe elimu ile haina mipaka! Nilimtambua pweza, nikamtambua ngisi, nikamwona na ndugu yake mkundaji wetu, mwekundu vilevile na vindevu vyake. Lakini kulikuwa na mmoja sikumjua: mwekundu, kichwa kikubwa, miiba yenye sumu mgongoni, amenuna kama mtu anayedaiwa.

"Huyo ndiyo rascasse," kaka akasema. "Bila huyo hakuna bouillabaisse."

Akanieleza asili ya ile supu iliyonikimbiza. Wavuvi wa hapa walikuwa wakishauza samaki wazuri, wanabakiwa na wa miambani, wenye miiba mingi, wasio na mnunuzi. Hao ndio waliotumbukizwa sufurianijuu ya moto pale ufukweni, wakala wavuvi na watoto wao. Hata jina lenyewe, kwa lugha ya zamani ya jimbo lile, ni chemsha kisha shusha moto. Baadaye wakubwa wakaionja, wakaipenda, ikapanda mezani kwao na isishuke tena. Mwaka 1980 baadhi ya wenye hoteli walitiliana sahihi mkataba, kwa kuwa watalii walikuwa wanapewa maji ya samaki yoyote wakaambiwa ndiyo yenyewe. Mkataba unataka aina zisizopungua nne katika orodha maalumu: rascasse, mkunga wa huko na wenzao. Samaki wakatwe mbele ya mlaji, na mchuzi uje mbali.

Kaka alieleza kwa ufasaha nikajivunia. Nikamuuliza, "Sasa lini nakuja kula kwenu?"

Akanyamaza. Tukapanda basi namba 83 linalofuata ufukwe, tukashuka Vallon des Auffes. Ni kighuba kidogo chini ya daraja la matao, mashua za rangi zimebanana kama viatu mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Kuna hoteli pale inaitwa Chez Fonfon, tangu mwaka 1952. Tukakaa ukutani tukala harufu. Ndipo kaka akasema, macho yake yako majini:

"Dogo, mimi naosha masufuria."

Sikujibu. Ningejibu nini?

"Miaka tisa. Ile supu naijua kwa ukoko wake. Kuletewa mezani, na kijiko, bado. Na mama usimwambie."

Nilikasirika, nisikufiche msomaji. Nilikumbuka mama alivyokuwa akitembea kifua mbele. Halafu nikakumbuka ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka wapi. Ilitoka kwenye yale masufuria.

"Samaki wamebaki sokoni?" nikauliza.

Akatazama saa. "Tukiwahi kabla ya saa saba mchana."

Tuliwakuta wanaosha meza. Tukapewa fungu la samaki wadogo wa miambani, mchanganyiko, kwa bei ya mtu anayetaka kwenda kulala. Tukapitia soko la Noailles, kwa Waarabu na Wangazija, tukanunua nyanya, vitunguu, shamari na mkate. Pale niliamkiwa kwa Kingazija nikaelewa nusu, nikajibu kwa Kiswahili wakaelewa zaidi ya nusu. Zafarani ilikuwa ghali. Tukatia bizari ya mama.

Chumba cha kaka kiko ghorofa ya tano, jiko lina moto mmoja. Nikamwona kaka akipika. Akakaanga vitunguu kwa mafuta ya zeituni, akatia shamari, nyanya, ganda la chungwa, kisha samaki wadogo mpaka wakavurugika, akachuja. Akatwanga vitunguu saumu na pilipili ya Tanga, akachanganya na mafuta, tukapaka kwenye mkate uliobanikwa. Hakupima kitu. Miaka tisa alikuwa akiosha huku jicho liko kwa wapishi.

Siwezi kukwambia kama ile ilikuwa bouillabaisse. Wa mkataba wangetufukuza mjini. Lakini kama mfuko wako unaruhusu, nenda Vallon des Auffes, ukae dirishani, na usione haya. Kama huna, panda basi mpaka L'Estaque ukatafune panisses, vile vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, huku unatazama bandari. Na kama una mwenyeji mwenye jiko, kaa gatini ungojee saa saba kasoro.

Jioni tukapiga simu Tanga.

"Umekula kwa kaka yako?" mama akauliza.

"Nimekula, mama."

"Anapika kweli, au maneno tu?"

Nikamtazama kaka. Alikuwa ameacha kupumua.

"Mama, anapika. Baba angekuwepo angeomba aongezwe."

Sikusema uongo. Nilipokata simu, kaka aliinuka bila neno, akachukua sufuria na steliwaya. Nikamnyang'anya. Siku ile niliosha mimi.