Taveta Ilipokuwa Mbali

Nilipokuwa mtoto, Taveta haikuwa nchi ya nje. Ilikuwa kwa shangazi. Ukishuka asubuhi kutoka kwetu Kidia hadi Kiboriloni, ukadandia basi la Himo, kisha gari lolote la kuelekea Holili, mchana umeshafika, umepewa maji ya kunawa na samaki wa Ziwa Jipe yuko mezani. Watu wazima walikuwa na karatasi za kuonyesha pale mpakani. Mtoto aliyeshikwa mkono na bibi yake hakuulizwa kitu. Bibi alikwenda siku za gulio na mikungu yake ya ndizi, akarudi na maharage, sabuni na umbea wa ukoo mzima. Shilingi zilikuwa mbili tayari, ya kwetu na ya kwao, lakini bibi, ambaye hakukanyaga darasa lolote, alizibadilisha kichwani upesi kuliko karani wa benki.

Baba mdogo alikuwa mtu wa reli, kituo chake Voi. Siku hizo reli haikuwa ya Kenya wala ya Tanzania, ilikuwa ya Jumuiya. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala mwaka 1967, na mashirika yakagawanywa kama nyama ya tambiko: reli na ndege zikapewa makao Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, sekretarieti ikaja Arusha. Mchagga anajua mgawo wa nyama. Kila mtu ana kipande chake tangu enzi za mababu, huyu kidari, yule mbavu, na ugomvi huanza pale mmoja anapohisi kwamba mwenzake amepewa mnofu na yeye mifupa. Tanzania na Uganda waliona mnofu wote uko Nairobi. Viwanda vilikuwa kule, wawekezaji walitua kule, hata watalii wa Serengeti walilipia safari yao kule, wakashuka kwetu na mabasi madogo ya kule, wakapiga picha za simba wetu na kurudi kulala kule. Kenya nayo ilinung'unika kwamba wenzake hawalipi madeni na yeye ndiye anayeubeba mzigo. Tangu Idi Amin alipochukua nchi mwaka 1971, viongozi watatu hawakukaa tena meza moja. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye. Sijawahi kumlaumu kwa hilo.

Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege la pamoja likafa, Kenya ikaanzisha la kwake, na tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya utalii ya Kenya na ndege ndogo zilizokutwa huku zikazuiliwa. Hesabu ya wakubwa ilikuwa kwamba sasa mtalii atashuka moja kwa moja Kilimanjaro, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1971, na fedha yake itabaki nyumbani. Mtalii hakusikia hesabu hiyo. Alibaki Nairobi akaenda kuangalia simba wa Maasai Mara, na wapagazi wa Marangu wakakaa kwenye mageti wakicheza bao.

Baba mdogo alirudi mwaka huohuo na sanduku la bati na sare ambayo hakuwa na pa kuivaa. Aliivaa hata hivyo, kanisani, mpaka viwiko vikatoboka. Miongo mingi baadaye, wazee wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wakiandamana Dar es Salaam wakidai malipo yao, na kila nilipowaona kwenye habari nilitafuta sare ile kati yao.

Sisi watoto tulielewa jambo hili kwa njia ya tumbo. Bibi hakushuka tena na ndizi. Halafu kukawa na mambo juu ya mambo: mafuta ya petroli yakapanda bei, Amin akavamia Kagera mwaka 1978, vita ikala kilichokuwepo, na maduka yakabaki na rafu. Tulipanga foleni ya sukari kwenye duka la kijiji kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Machi 1979 mji wetu wa Moshi ukajaa wageni wa suti, Waganda waliokimbia nchi yao, wakakutana kuunda chama cha kumrithi Amin na kumchagua Yusuf Lule. Kwa hiyo kwa jirani mmoja tulikuwa tunapanga serikali mpya na kwa jirani mwingine hatuwezi kwenda kununua sabuni. Nilikuwa mdogo, lakini hata mimi niliona mambo hayo hayako sawa.

Sabuni ilikuja, lakini usiku. Ilikuja pamoja na dawa ya meno na mafuta ya Kimbo, na kopo tupu la Kimbo halikutupwa katika nyumba yoyote ninayoijua. Lilikuwa kipimo cha maharage, chombo cha maji ya kuoga, na kwa jirani mmoja chungu cha ua la mlangoni, makusudi ili tuone. Huku kwetu palisemwa kwamba Kenya ni nchi ya watu kulana. Majibu yao yakawa kwamba kwetu hakuna hata cha kula. Wazee wetu wa Old Moshi walicheka maneno yote mawili wakiwa wameshika ndoo ya pombe ya mbege, kisha wakaulizana kwa sauti ya chini nani anashuka Himo kesho.

Kilichokwenda upande wa pili ni kahawa, na hapa nisizungushe. Baridi kali ya Brazili ya mwaka 1975 iliua mibuni huko na bei ya dunia ikaruka. Mwaka 1976, katikati ya neema hiyo, serikali ikavunja vyama vya ushirika, na KNCU, chama ambacho wakulima wa mlima huu walikuwa nacho tangu 1933, kikafutwa pamoja na vingine. Mkulima akawa anauza kwa mamlaka ya serikali, analipwa kwa awamu, kwa shilingi isiyonunua kitu. Ng'ambo kulikuwa na mtu wa kulipa taslimu, kwa shilingi inayonunua sabuni. Gunia likapakiwa punda, likapita Rombo kwa njia za panya. Babu yangu hakuuza ng'ambo hata debe moja. Alisema kahawa ya KNCU haiwezi kutoroka usiku kama mwizi wa mbuzi. KNCU yenyewe haikuwepo, lakini huwezi kumwambia mzee hivyo. Majirani waliezeka bati jipya, sisi tukaendelea kukinga mvua kwa sufuria. Nilimwona mpumbavu wakati ule. Leo bado sijaamua.

Babu alifariki mwaka 1981. Habari ilimfikiaje shangazi sijui, maana simu hakuna na barua ilikuwa ya kubahatisha. Siku ya pili, alfajiri, alitokea kwenye migomba nyuma ya nyumba, kanga imejaa miiba, viatu mkononi. Alikuwa amevuka uwanda usiku pamoja na wachuuzi waliorudi bila mizigo. Hakulia kwanza. Aliuliza kama mwenyekiti wa kijiji yupo msibani, akaambiwa yupo, akasema basi semeni mimi ni mke wa mtu kutoka Ugweno. Mwenyekiti alikuwa amesoma naye. Alimpa pole kwa jina lake la utotoni, akaenda kukaa mbali naye.

Mambo ya redio yalikuwa mengine kabisa, kwa sababu mawimbi hayakuomba ruhusa. Jumapili tulimsikiliza Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya akiuliza kama huu ni ungwana, na baba mdogo alimjibu kwa sauti kubwa kila mara kama vile yuko Voi. Baadaye, Tanzania Bara ikiwa haina televisheni (haikuwa nayo mpaka 1994), wenye uwezo Moshi mjini walisimamisha antena ndefu juu ya mabati wakavuta picha za Nairobi. Kwa hiyo kizazi changu kilikua kikijua utani wa Wakenya, matangazo yao na wimbo wao wa taifa, bila kuwaona.

Mwaka 1983 ndio ulioumiza zaidi, nao ndio uliomaliza. Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu waliokuwa na katoni moja ya sabuni walilala macho. Katikati ya kihamba cha jirani, shamba lake la migomba, nilimwona mzee wa kanisa akichimba shimo na kuzika makopo. Alipata taabu kuyapata baadaye, migomba inafanana. Novemba mwaka huo Nyerere, Daniel arap Moi na Milton Obote wakakutana Arusha, wakakubali mgawo wa mali za Jumuiya iliyokufa ambao Mswisi mmoja, Victor Umbricht, alikuwa akiuhangaikia kwa miaka: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mpaka ukafunguliwa. Kulikuwa na mgawo mwingine ambao haukuwekwa kwenye asilimia. Wanajeshi wa Kenya waliokimbilia kwetu baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akiwemo Hezekiah Ochuka, walirudishwa kwao, na Watanzania waliotuhumiwa kutaka kumpindua Nyerere wakarudishwa kutoka Kenya. Ochuka alinyongwa mwaka 1987. Huwa nawakumbusha watu hili wanaposema kwamba undugu ndio uliofungua Holili.

Nilipokuja kuwa mwalimu wa historia nilitaka kujua mstari huu ulitoka wapi, na ajabu ni kwamba sehemu ya jibu ilikuwa chini ya miguu yangu. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa hapa Old Moshi kwa Mangi Rindi, chifu wa hapa, yule ambaye wageni walimwita Mandara, na aliposhuka Taveta akapata kwa wazee wa huko hati ya ardhi. Mwaka uliofuata alipanda Jenerali Mathews kwa niaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, Rindi akakubali bendera ya Sultani. Muda si mrefu akapanda Mjerumani Karl Jühlke, Rindi akakubali na yake. Mwaka 1886 wakubwa wa London na Berlin wakaweka hati hizo mezani: ya Johnston ikaivuta Taveta kwa Waingereza, mlima ukaenda kwa Wajerumani, na mstari uliokuwa umenyooka ukakunja kiwiko. Watalii wanaambiwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi tamu, ya uongo. Mimi naiona tamu zaidi hii ya mangi aliyekuwa tayari kumpa kila mgeni alama yake mradi apate bunduki za kupigana na Kibosho.

Hata reli ya baba mdogo ilitokana na ugomvi. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga njia kutoka Voi ili wawatoe, wakaja nayo mpaka ikaungana na ile ya Tanga mwaka 1916. Reli iliyoletwa na mizinga ndiyo iliyombeba shangazi kwenda kuolewa.

Miaka ya tisini mambo yaligeuka upesi mno. Jirani zangu walioweza wakapeleka watoto kusoma Kenya na Uganda kutafuta Kiingereza; leo shule binafsi za Moshi zina walimu Wakenya. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini Arusha Novemba 1999. Holili pakajengwa kituo cha pamoja, kikaanza kazi mwaka 2016, ambapo unagongewa muhuri wa nchi mbili ndani ya jengo moja.

Na tukaanza kugombana tena, ila kwa namna ninayoipenda zaidi. Mwaka 2017 Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya pale Namanga, na nilichukia kitendo kile. Mei 2020, korona ikipamba moto, Kenya ikafunga mpaka kwa watu na kuacha mizigo tu; miezi michache baadaye kwetu ndege zao zikapigwa marufuku. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Mei Rais Samia akaenda Nairobi na mahindi yakapita. Wenzangu wanaona huu ni undugu wa mashaka. Mimi niliyeona ule wa kimya, wa karibu miaka saba, naona ugomvi wa mahindi ni dalili kwamba kuna mahindi yanayopita. Mwaka 1979 hapakuwa na kitu cha kugombania isipokuwa fahari.

Julai 2025 serikali yetu ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, mojawapo kutengeneza simu. Wiki ileile akanipigia binamu yangu wa Taveta, mtoto wa shangazi.

“Mwalimu, hii amri yenu inamgusa kijana wangu? Ana meza pale Himo.”

“Ana kitambulisho cha wapi?”

“Cha kwetu. Alizaliwa Voi. Lakini mama yake si yuleyule wa Kirua mliyetuoza wenyewe?”

Nikamwambia aende uhamiaji akaulize, nisije nikamdanganya, mimi ni mwalimu wa historia tu. Akasema ataenda wiki inayofuata. Wiki ile alikuwa anapakia parachichi za Old Moshi kwenda Mombasa, na wenye parachichi walikuwa wamemwambia hawazitoi shambani mpaka awalipe nusu ya pili, tena kwa shilingi ya Kenya.