Tangi la Maji Katika Vilima vya Olenguruone

Atokaye Nakuru kwenda Olenguruone hupita Molo na Keringet, na kutoka hapo barabara yapanda na kushuka kando ya Msitu wa Mau. Baridi yake si ya mchezo. Hapa ndipo serikali ya kikoloni ilipowaweka Wakikuyu mwaka 1941, kisha ikawaondoa kwa nguvu kufikia 1950, wengine wakapelekwa Yatta penye ukame. Siku hizi ni nchi ya chai, viazi na ng'ombe wa maziwa.

Januari moja vijito vilikuwa vimepungua, nasi tukaenda na gari dogo la mizigo kuteka maji ya matanga. Tangi la lita 1,000 liliwekwa nyuma kabisa, ili bomba lifunguke kwa urahisi. Dereva aliogopa uzito, akajaza nusu tu. Nilisita moyoni, lakini nikanyamaza. Karani hamfundishi dereva kazi yake.

Hapo kale nilifanya kazi Lamu, na huko nilimwona nahodha akikataa kung'oa nanga mpaka pipa la maji liondolewe tezi na kuwekwa katikati, juu ya mkuku. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Lita 200 zilizo mita 3 nyuma ya kitovu cha chombo hukididimiza tezi sawasawa na lita 600 zilizo mita 1. Hapo omo huinuka, na upepo huisukuma upendavyo. Tena mabaharia wanywapo, uzito hupungua siku kwa siku, na mlalo wa chombo hubadilika. Hapana budi farumi ihamishwe. Lakini adui mkubwa ni tangi pana lililojaa nusu: chombo kikiinama, maji hukimbilia upande ule ule na kukizidishia. Ndiyo sababu matangi ya meli hugawanywa kwa kuta ndani.

Basi, kwenye mpando maji yote yalirudi nyuma kwa kishindo. Magurudumu ya mbele yakawa mepesi, usukani haukutii, gari likaelekea korongoni. Bahati njema, gurudumu moja lilinasa mtaroni.

Tulimwaga maji yote, tukalisukuma tangi mpaka nyuma ya kiti cha dereva, tukarudi mtoni na kulijaza hadi kifuniko. Safari hii gari lilipanda kwa utulivu. Tulifika saa nane. Akina mama walikuwa wamewachomea wageni viazi kwa kukosa maji ya kupikia.

Dereva aliniuliza: kama nilijua, mbona nilinyamaza? Sikuwa na jibu.