Riwaya, Neno la Siku na Wasomaji wa Soweto, Mbeya

Katika eneo la Soweto jijini Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, namna watu wanavyoyapata na kuyatunza maneno ya kuwatia moyo imebadilika sana ndani ya umri wa mtu mmoja, na mabadiliko hayo hayaelezeki vizuri bila kuanza na misheni. Mwaka 1891 Wamoravian, yaani waumini wa kanisa la Kiprotestanti lililohuishwa huko Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18 chini ya Nikolaus von Zinzendorf, walifungua kituo chao Rungwe, na mwaka huohuo Walutheri wa Misheni ya Berlin nao wakaingia nchi ya Wanyakyusa, kisha wakaenea hadi Ubena na Uhehe. Wamoravian walikuja na desturi ya Neno la Siku: mstari mmoja wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura kwa ajili ya kila siku ya mwaka, ukaambatanishwa na mstari wa Agano Jipya unaoendana nao, na kitabu cha mistari hiyo kimekuwa kikichapwa tangu 1731. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, kama wengi wa rika lake waliokulia Soweto, alilikuta neno hilo mezani kabla ya chai ya asubuhi, likisomwa kwa sauti na mzee wa nyumba bila maelezo yoyote, na kila aliyekuwapo aliondoka nalo akalitafakari mwenyewe njiani.

Desturi hiyo ilizaa nyingine katika shule za sekondari. Wanafunzi walitunza kaunta buku, yaani daftari nene lenye jalada gumu, lililofunikwa kwa gazeti au kwa kalenda ya mwaka uliopita, na ndani yake walinakili maneno yaliyowagusa: ukurasa wa kushoto mistari ya Biblia na kauli za wahubiri, ukurasa wa kulia sentensi za riwaya, huku jina la kitabu na namba ya ukurasa vikiandikwa kwa kalamu nyekundu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kuazima, vingine majalada yake yakiwa yameshonwa kwa uzi, na mwenye kitabu alikitaka kesho yake, hivyo unakili ulifanyika usiku kwa mwanga wa chemli. Namba ile ya ukurasa, ambayo wakati huo ilionekana jambo dogo, ndiyo iliyomwezesha msomaji kurudi kwenye kitabu na kuuliza ni nani katika hadithi aliyesema maneno yale, alimwambia nani, na baadaye yalimpata yapi.

Ukurasa wa kulia ulitawaliwa na Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kusoma katika Seminari ya Nyegezi, ambaye riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaja kufundishwa humohumo. Mwaka 1974 ilifuata Kichwamaji, ambamo Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anahangaika na swali la kuwapo kwa Mungu na la maana ya kuishi hadi anajiua. Wako wazee wa kanisa waliokiona kitabu hicho kuwa sumu kwa vijana, na hofu yao inaeleweka. Hata hivyo, yafaa isemwe wazi kwamba vijana wengi wa Soweto hawakujifunza kuuliza swali la Ayubu, yaani kwa nini mwenye haki huteseka, kutoka mimbarini, walijifunza kwa Kazimoto, na waliporudi kwenye Kitabu cha Ayubu walikisoma kwa uchungu ambao mahubiri hayakuwahi kuwapa. Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o (1977) ilisomwa kwa hamu ya aina nyingine, kwa kuwa kijana Gusto, anayerithishwa uchawi na baba yake, aliwakumbusha wasomaji minong'ono waliyoisikia majumbani mwao. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye jina la riwaya yake A Grain of Wheat (1967) linatokana na maneno ya Yesu katika Injili ya Yohana, alitamka mwaka 1970 mbele ya Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki kwamba yeye si Mkristo, kisha akaliacha jina la James. Lakini waliokuja kumsoma kwa Kiswahili katika Shetani Msalabani walikuta Biblia imejaa tele katika lugha yake.

Ukurasa wa kushoto nao ulikuwa na historia ndefu kuliko ilivyodhaniwa. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji na mwanatheolojia Mlutheri wa Ujerumani aliyempinga Hitler, alisoma Neno la Siku lilelile la Herrnhut. Mwezi Juni 1939, akiwa New York ambako marafiki walimpeleka ili asalimike, alikutana na ombi la Paulo kwa Timotheo kwamba afanye bidii kufika kabla ya majira ya baridi, akaandika katika shajara yake, yaani daftari la mambo ya kila siku, kwamba maneno hayo yalimfuata kutwa nzima. Mwezi uliofuata alipanda meli akarudi kwao. Alikamatwa mwaka 1943, na katika gereza la Tegel, Berlin, alianza kuandika tamthilia na riwaya ambazo hakuzimaliza, kisha akanyongwa huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Mstari ule ulikuwa na nguvu kwake kwa sababu aliujua waraka mzima: alijua kuwa anayeomba yumo kifungoni, ameachwa na wenzake, na anataka aletewe joho lake na vitabu vyake.

Tangu simu zenye intaneti zienee katika miaka ya 2010, neno la siku hufika kabla ya alfajiri kupitia makundi ya WhatsApp ya kwaya, ya jumuiya na ya vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, likiwa limeandikwa juu ya picha ya waridi na kutiwa jina la mtu mashuhuri. Faida yake ni kubwa na haifai kubezwa, maana mama auzaye ndizi katika soko la Soweto, ambaye hakuwahi kumiliki kitabu cha riwaya, sasa anapata maneno ya kumtia nguvu bila gharama ya kununua kitabu. Kilichopotea ni kitabu chenyewe pamoja na ukurasa wake. Sentensi ya Kazimoto ikitumwa peke yake huonekana kuwa ushauri wa Kezilahabi, na msomaji hana njia ya kujua kwamba msemaji wake alikuwa anaelekea kujiua. Vivyo hivyo Augustino, mwanatheolojia wa kanisa la kale, hubebeshwa kauli ambazo hakuziandika.

Kwa hiyo walio na kaunta buku za zamani katika masanduku yao, Soweto na kwingineko Mbeya na Iringa, wanaombwa wasizitumie kuwashia mkaa. Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Wamoravian kiko Mbeya, na Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri kiko Iringa. Madaftari hayo yapelekwe katika maktaba zao, namba za kurasa zikiwa bado zinasomeka, na anayetuma neno la siku kwa simu aongeze jina la kitabu lilikotoka.