Mzazi Hapunguzwi kwa Njaa: Chakula Chepesi Baada ya Arubaini



Kwetu visiwani mwanamke akijifungua anakuwa malkia wa nyumba kwa siku arubaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anapikiwa uji wa pilipili manga asubuhi na supu ya kuku wa kienyeji mchana. Chombo haoshi, ndoo hanyanyui. Wakubwa wakimtazama shavu limejaa wanasema, "Mashaallah, mzazi kanawiri." Siku zikitimia, kanawiri ile ile inageuka jina. Akitoka kwenda harusini anaulizwa mbele za watu, "Shoga, mbona umekuwa hivyo? Au una mwingine tumboni?" Anacheka na wenzake, akirudi nyumbani halili.

Sisi tunaoandika ni dada watatu wa nyumba moja, sote wazazi, na leo tunataka kuzungumza juu ya hapo: pale mzazi anapotaka kupungua na hajui aanzie wapi bila ya kujidhuru yeye na mtoto anayemnyonya. Kupungua si aibu, wala si kukufuru neema. Mwili ni amana na kuutunza ni jambo jema. Ila kuna namna ya kuutunza, na kuna namna ya kuuadhibu.

Mwaka mmoja mke wa kaka yetu alijifungua mwanzoni mwa mfungo pili, na harusi ya mdogo wetu ilikuwa mfungo sita. Sare za nyumbani zilikuwa zimeshashonwa, na gauni la wifi lilikatwa kwa kipimo chake cha kabla ya mimba. Arubaini ilipotoka akalijaribu, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Hakusema kitu. Tuliona tu kwamba asubuhi anakunywa kahawa tupu, mchana anakula papai, na usiku anasema ameshiba. Tukimwekea sahani anaihamishia kwa watoto.

Mtoto alipopelekwa kliniki kwa chanjo ya wiki 10, mstari wa uzito kwenye kadi yake ulikuwa umelala. Tangu chanjo ya wiki 6 hakuwa ameongezeka inavyotakiwa. Muuguzi aliitazama kadi, akamtazama wifi, akamuuliza, "Mama, wewe leo umekula nini?" Wifi akaanza kulia pale pale kwenye benchi. Muuguzi hakumgombeza. Alimwangalia mtoto anavyolishika ziwa, akampima mama damu, ikaonekana ni ndogo. Akampa vidonge vya madini ya chuma na akamwambia arudi mtoto apimwe tena. Kisha akasema neno ambalo tumelishika mpaka leo: "Ukitaka kupungua tutapungua, lakini tutapunguza chunguni, si kwenye sahani yako."

Mwili wa anayenyonyesha unafanya kazi

Tuanze na hesabu, maana wengi wetu hatuambiwi. Kutengeneza maziwa ya mtoto asiyekula kitu kingine kunatumia takriban kalori 500 kwa siku. Ndiyo maana anayenyonyesha huona njaa hata usiku wa manane, si ulafi. Sehemu ya nguvu hiyo inatoka kwenye mafuta yaliyowekwa na mwili wakati wa mimba, hivyo mama anayekula vizuri na kunyonyesha anaweza kupungua kidogo kidogo bila ya kujinyima.

Wataalamu wengi wa lishe wanashauri anayenyonyesha asishuke chini ya kalori 1,800 kwa siku, na kasi ya kupungua isizidi nusu kilo kwa wiki. Ile mipango ya kalori 1,000 au 1,200 inayozunguka kwenye simu zetu haikuandikwa kwa ajili ya mzazi. Mama anayejinyima ghafla anachoka, anapata kizunguzungu, nywele zinakatika, na maziwa yanaweza kupungua.

Wiki sita za mwanzo usipunguze kitu. Kizazi kinarudi mahali pake, kidonda kinapona, damu iliyotoka inatafuta kurudi. Arubaini ya bibi zetu na wiki sita za daktari zinakaribiana kwa hesabu, nasi tunaona wazee walikuwa na jicho. Anayenyonyesha asubiri mpaka maziwa yamekaa sawa na mtoto anaongezeka uzito, ndipo aanze taratibu. Na kama ulijifungua kwa upasuaji, au una presha, kisukari au upungufu wa damu, zungumza kwanza na daktari au mkunga wako.

Cha bibi tulichobakisha, cha bibi tulichopunguza

Tuliporudi kliniki siku ile tulikaa jikoni na bibi yetu. Alikuwa na hofu kwamba tunataka kumwachisha mzazi chakula cha kizazi. Tukamwambia, "Bibi, hatutoi kitu. Tunapunguza mkono tu."

Supu ya pweza ilibaki. Watu husema inaleta maziwa. Sisi tunachojua ni kwamba pweza ana protini nyingi, madini ya chuma na mafuta kidogo, kwa hivyo mzazi mwenye damu ndogo anafaidika naye. Maziwa yenyewe huletwa zaidi na mtoto kunyonya mara kwa mara mpaka ziwa lipungue. Uji wa ulezi ulibaki. Tende zilibaki, sote tunakijua kisa cha Bibi Maryam, amani iwe juu yake, na mtende katika uchungu wake. Tende tatu zinatosha kuupa uji utamu bila ya sukari.

Kilichopungua ni hiki. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta au samli kina kalori 120 hivi. Bibi alikuwa akitia vijiko vitatu kwenye bakuli la bokoboko, tukabakisha kimoja. Kikombe cha tui zito kina zaidi ya kalori 400, basi mchicha na mbaazi tukazipika kwa tui la pili na tui zito likawa vijiko viwili vya kumalizia, kwa harufu. Chai vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni kalori 140 na ushei ambazo hazimshibishi mtu. Samaki akatoka kwenye karai la mafuta akaingia kwenye jiko la mkaa, kwa ndimu na kitunguu thomu. Maandazi na sambusa zikawa za Ijumaa.

Na chai yenyewe tuliihamisha. Ukinywa chai pamoja na chakula, mwili unapata chuma kidogo kutoka kwenye chakula hicho. Kunywa saa moja au mbili baadaye, na juu ya mboga kamulia ndimu au kula chungwa, kwani vitamini C inasaidia chuma kuingia mwilini.

Siku moja ya mzazi

Hivi ndivyo ilivyokuwa siku ya wifi baada ya wiki ile. Jumla yake ni kama kalori 1,900, na vyote vinapatikana Darajani au kwenye duka la mtaani.

Asubuhi: kikombe kikubwa cha uji wa ulezi wenye maziwa na tende tatu, mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha boflo na kipande cha papai.

Saa nne: bilauri ya mtindi usio na sukari na chungwa moja.

Mchana: kikombe kimoja na nusu cha wali mweupe, kipande kizuri cha changu wa kuchoma au mchuzi wa tungule, na upawa mzima wa mchicha, kisamvu au mtoriro. Sahani tuliigawa kwa macho: nusu mboga, robo wali, robo samaki.

Alasiri: kiganja cha karanga na tunda la msimu.

Usiku: kikombe cha choroko au mbaazi, kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha au kipande cha shelisheli, na kachumbari. Siku nyingine supu ya pweza au ya kuku aliyetolewa ngozi.

Maji yakae karibu na pahala anaponyonyeshea, anywe kila mtoto akishika ziwa. Akiona njaa usiku, ale: yai, maziwa, ndizi. Njaa ya usiku ya mzazi ni ya kweli na haifai kupiganwa nayo.

Kuhusu samaki, tuna bahati ya bahari. Dagaa, vibua, tasi na changu ni chakula chema kwa anayenyonyesha. Papa na nduwaro tuliwaacha, kwani samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki nyingi mwilini, na zebaki hupita kwenye maziwa.

Vitu vingine tulivikataa kabisa: chai za kupunguza tumbo, vidonge vya kukata hamu ya kula, na dawa za kuendesha. Hujui kilichomo, na kikipita kwenye maziwa aliyekunywa ni mtoto. Mkaja nao hauyeyushi mafuta. Unashika kiuno na kumpa mzazi raha. Usikazwe mpaka mtu ahemee juu juu, na mwenye mshono aulize kwanza. Kutembea taratibu alasiri, mtoto akiwa na bibi yake, kulimsaidia wifi kuliko mkaja.

Ramadhani ikikukuta unanyonyesha

Wapo wanaoitumia funga kuwa njia ya kupungua. Dada, dini yetu imempa anayenyonyesha ruhusa ya kula akihofia nafsi yake au mtoto wake, na siku zile atazilipa. Qur-ani katika Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na katika aya hiyo hiyo imeweka juu ya baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa wema. Yaani chakula cha mama ni haki yake. Kuhusu kulipa na fidia, muulize shekhe wako kwa hali yako, na ruhusa uliyopewa usiione unyonge.

Gauni

Mnataka kujua gauni lilikuwaje. Chanjo ya wiki 14 ilipofika, mstari wa kadi ulikuwa umepanda. Wifi alipungua kama kilo mbili kwa mwezi ule, uso ukarudi rangi, na zipu bado haikufunga. Mdogo wetu, bi harusi mwenyewe, ndiye aliyelichukua gauni akampelekea fundi. Fundi akaachia mishono ya ubavuni, akaongeza kipande cha kitambaa kile kile kila upande, na kazi hiyo ikachukua asubuhi moja. Siku ya harusi wifi alicheza ngoma mpaka jasho likamtoka, akaenda chumba cha ndani kunyonyesha, akarudi akacheza tena. Wapo waliomtazama ubavu. Hakuna aliyekuwa na njaa ya kujibu.

Kwenu wari mnaojiandaa kuolewa, mkisikia somo anawafundisha manukato na udi, muulizeni na hili: nikijifungua nitakula nini? Zungumzeni na waume zenu mapema, kwani anayekwenda sokoni ndiye mwenye sahani mkononi. Na nyinyi mawifi na mama wakwe, mzazi akisukuma sahani, msiseme, "Mwache, anataka umbo." Kaeni naye ale. Mkitaka kumtazama, mtazameni macho na vidole kama vimekuwa vyeupe, na mumsikilize usingizi wake na huzuni yake. Akitokwa na damu nyingi, homa, kichwa kinachouma sana, mguu mmoja kuvimba, au akisema hajisikii kuishi, hilo ni la hospitali siku ile ile, usiku au mchana.

Kilo zilikuja kwa miezi tisa. Tuzipe na wao muda wa kuondoka, na wakati huo mtoto ashibe na mama yake ashibe. Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu wote afya, maziwa ya kutosha na wenye kuwapikia. Amin.