Dakika 40 na Mama

Kompyuta kuukuu yenye Ubuntu inatosha kabisa kuonana na nyumbani. Yangu niliiwekea Zoom jioni moja baada ya zamu. Kwenye tovuti yao nilichagua Linux, halafu Ubuntu, nikapakua faili la .deb. Nikafungua terminali ndani ya folda ya faili hilo, nikaandika sudo apt install ./zoom_amd64.deb, kisha nywila yangu. Nikajaribu kamera na maikrofoni.

Mkutano wa bure hukatika baada ya dakika 40. Zinanitosha. Mama yuko Tanga, ana presha, na kwenye simu jibu lake ni lile lile: "Mzima tu, mwanangu." Mimi ni muuguzi, nahitaji kuona. Juzi nikamwomba, "Mama, hebu nionyeshe miguu." Ilikuwa imevimba. Kesho yake kaka alimpeleka hospitali.