Moa Ilivyonifundisha Kusikiliza

Mimi ni mzaliwa wa Moa, wilayani Mkinga, na ninasomea utangazaji. Natoa ushuhuda huu kwa sababu kujifunza kazi ya habari kumebadilisha namna ninavyowasikiliza watu wa kwetu.

Nimelelewa na redio. Wazee wetu walisikiliza Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, kisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957. Kwetu habari ilikuwa kitu kinachotoka mbali. Mwambao wetu ukitajwa, mara nyingi ni uvuvi wa mabomu au magendo ya mpakani, na anayezungumza ni kiongozi. Nami nilipoingia chuoni, hamu yangu ilikuwa sauti nzuri na Kiswahili sanifu.

Mkufunzi wetu alianzia kwingine. Uliza swali moja kwa wakati. Usiulize linalojibiwa kwa ndiyo au hapana. Ukishauliza, nyamaza. Andika kwa ajili ya sikio: sentensi fupi, tarakimu chache, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena.

Kazi ya vitendo niliifanya nyumbani, kwa akina mama wanaolima mwani, wakati wa bamvu, maji yanapokupwa mbali na mashamba kuonekana. Niliupa mgongo upepo wa kusi ili usiingie kwenye kinasa sauti, nikakishika shubiri moja chini ya kidevu cha mama mmoja aliyekuwa akifunga mbegu kwenye kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwani ukifa, nyumbani kwako kunabadilika nini?"

Alifunga fundo, akafunga la pili. Sikumwongezea swali. Kisha akanyanyua tawi lililogeuka jeupe, likakatika mkononi mwake. "Huu kotonii," akasema. "Maji yakipata moto unakuwa hivi. Tunarudi kwenye spinosamu, unavumilia, lakini bei yake ndogo. Mtoto anakwenda shule na daftari la mwaka jana."

Kwa maneno hayo nilikwenda kwa mnunuzi, kisha kwa ofisa uvuvi. Sikuwauliza tena hali ya zao la mwani kwa jumla. Niliuliza kwa nini bei za aina hizi mbili za mwani zimeachana, na mkulima anasaidiwaje kupata mbegu inayostahimili joto au kupanda kwenye maji yenye kina. Kila mmoja alipewa nafasi ya kujibu. Kwenye taarifa yangu mama alitangulia, wakubwa wakamjibu.

Hapo ndipo nilipobadilika. Nilielewa kwamba swali zuri kwa mwenye madaraka huzaliwa kwa anayeishi na tatizo, na kwamba usawa wa habari ni kila upande kujibu hoja halisi ya mwenzake. Tangu hapo, hata barazani kwetu simkatizi mzee akitafuta neno, namsubiri alipate.

Kanuni zilizofuata Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zinamtaka mwandishi awe na stashahada. Naitafuta kwa bidii, maana ni haki ya wasikilizaji kuhudumiwa na aliyesomea. Kwenu vijana wa Mkinga mnaoitamani kazi hii: anzeni na watu wenu. Waulizeni kwa adabu, muwape muda wa kujibu, na mrushe walichosema kama walivyokisema.