Jina niliandika mimi

Nimepotea wiki tatu nzima, lawama nazipokea. Mwaka wa tatu si mchezo, na boom limechelewa, hata vocha ni ya kukopa. Leo nimeondoka kimbweta mapema, msuli haupandi, maana lekcha ya asubuhi imenikaa kooni.

Dokta alikuwa anatueleza jinsi shule nyingi za Marekani zinavyomsaidia mwanafunzi anayebaki nyuma, kimasomo au kitabia. Akachora pembetatu ubaoni, akaikata sehemu tatu. Chini ni darasa zima: wote wafundishwe vizuri, na taratibu za shule zifundishwe kama somo, sio kubandikwa ukutani tu. Wanatarajia kama asilimia 80 watosheke hapo. Ngazi ya pili ni kama 15 katika mia, wanaosaidiwa kwenye vikundi vidogo mara kadhaa kwa wiki. Juu kabisa ni watano hivi, msaada wa mtu mmoja mmoja. Kusoma wanapimwa watoto wote, kwa kawaida mara tatu kwa mwaka, ili asisubiriwe mtu mpaka afeli. Zamani walikuwa wanasubiri kweli, mpaka sheria yao ya 2004 ikafungua njia nyingine.

Darasa likacheka. "Dokta, huko darasani wako ishirini!" Na mimi nilicheka. Halafu nikamkumbuka kijana mmoja wa BTP.

Mwaka jana nilipangiwa shule moja ya kata, kidato cha pili, wanafunzi 84 kwenye chumba kimoja. Huyu alikaa nyuma karibu na dirisha. Kelele ni yeye, kuchelewa ni yeye, daftari halina kitu. Wiki ya pili nikachoka, nikaandika jina lake kwenye karatasi nikampelekea mwalimu wa nidhamu. Kijana akala fimbo sita. Kanuni za 2002 zinasema zisizidi nne, achape mkuu wa shule au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na ziandikwe kwenye daftari. Hilo daftari sikuliona, na kusema kweli sikuuliza.

Wiki ya nne nikasahihisha madaftari yote. Lake safari hii lilikuwa limejaa, ila maneno yamekatika katikati, herufi mbili huku, nne kule. Jamani, alikuwa anachora! Ananakili ubao kama mtu anavyonakili ramani. Nikamwita baada ya vipindi, nikampa kitabu cha Kiswahili, sio Kiingereza. Akasoma "ba... ra... ba..." jasho linamtoka. Amefikaje kidato cha pili? Maswali ya kuchagua herufi yamewabeba wengi. Nikamuuliza kwa nini anapiga kelele.

"Mwalimu, nikipiga kelele natolewa nje. Nisipopiga, nitaambiwa nisome."

Nilikosa la kusema.

Nikatafuta wengine, nikapata wanne. Tukawa tunakaa chini ya mwembe dakika ishirini baada ya kengele, na kitabu cha darasa la pili nilichoazima shule ya msingi ya jirani. Wiki nne tu. Mmoja aliacha kuja. Yule wa dirishani alimaliza aya nzima siku ya Alhamisi, akairudia bila kuambiwa. Na kelele darasani zilipungua, sijui zilikwenda wapi.

Sasa leo ndio naambiwa kuwa nilichokuwa nafanya pale kina jina na kina ngazi. Kumbe kuna hata kadi: asubuhi mwanafunzi anamsalimia mtu mzima mmoja aliyepangiwa, kila kipindi mwalimu anamwekea alama za tabia, jioni anairudisha kisha mzazi anatia sahihi. Karatasi na kalamu tu, hapo hakuna cha dola. Msidhani ni dawa ya kila kitu. Utafiti wa serikali yao wa 2015 ulikuta watoto wa darasa la kwanza waliokosa kidogo tu alama ya kuvuka, wakapewa msaada wa ziada, walisoma vibaya kuliko wenzao waliovuka kidogo tu. Kumtoa mtoto na kumpa kitu kisichomfaa nako ni kumpotezea muda.

Ila wanarudi kuangalia. Baada ya wiki kadhaa wanapima, kama haijasaidia wanabadilisha. Fimbo ya nani imewahi kupimwa wiki ya sita? Sisi tunarukia juu ya pembetatu siku ya kwanza, halafu hatuulizi kama huku chini mtoto alifundishwa kusoma.

Siku ya kuondoka niliacha karatasi ofisini, majina matano na kila mmoja amefikia wapi. Mchana huu nimempigia mwalimu mmoja wa pale, kwa vocha hiyo hiyo ya kukopa.

"Yupi huyo? Mwalimu, si unajua wapo wangapi."

Nikamwambia, yule wa nyuma, karibu na dirisha.

"Aaa, yule. Yupo, yupo. Siku hizi mkimya kweli."

Salio likakatika kabla sijauliza kama anasoma.